Mayai Matatu Kabla ya Kipimo

Jumanne, tarehe tisa Machi, saa moja asubuhi, mama mkwe wangu alianguka mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

"Miguu imenikataa," alisema.

Miguu ilikuwa imevimba, kama ya marehemu mke wangu.

Mimi ni fundi viatu. Wakubwa wa afya siwaamini. Mke wangu walimpa vidonge wakamrudisha nyumbani, akafa. Basi mhudumu wa afya wa mtaa wetu alipotaka kumpima mama damu, nilimkazia macho.

"Damu mnaipeleka wapi?"

"Maabara, fundi. Ni kidogo tu. Kesho aje bila kula. Maji anywe."

Bila kula! Nikajua wanataka aonekane mgonjwa, kisha waseme simlishi. Asubuhi nikamchemshia mayai matatu.

"Kwani leo kuna harusi?" mama aliuliza.

"Kula, mama. Tusiaibike."

Kwenye kituo cha afya mhudumu aliuliza kama amekula.

"Hajala," nikawahi kujibu.

Mama akacheka. "Mwongo huyu! Mayai matatu, nimeshiba mpaka kooni."

Mhudumu akaweka sindano chini. "Fundi, huu si mtihani wa shule. Protini ya mayai, maharage au samaki huvunjwa tumboni kuwa vipande vidogo, amino asidi. Mwili hujijenga kwa vipande hivyo. Mtu akitoka kula, vinapanda kwenye damu. Tungesema mzima, kumbe sivyo."

Kesho yake tulirudi, tumbo tupu. Majibu yalipotoka, amino asidi kadhaa zilikuwa chini.

"Hii ni dalili ya hatari. Peke yake haitoshi kujua ugonjwa," alisema mhudumu. Daktari akampima moyo, figo na ini. Vilikuwa salama.

"Mama, kwa siku unakula nini?"

"Chai na mkate. Meno yako wapi ya kutafuna kingine?"

Nikainamisha kichwa. Naishi naye nyumba moja, sikujua.

Mhudumu akasema miguu imevimba kwa kukosa protini. Tukaanza maharage ya kuponda, mayai, maziwa na samaki laini. Baada ya miezi miwili uvimbe ulikwisha, na amino asidi kwenye damu zilipanda. Sasa mama anakuja kwa miguu yake kibandani kwangu kukosoa mishono.

Juzi nilimwuliza mhudumu, "Mke wangu alipovimba, kipimo hiki kilikuwepo?"

"Kilikuwepo, fundi."

"Basi mbona hakuna aliyempima?"

Akaanza kupanga karatasi zake. Mpaka leo nangoja. Mbona hakuna aliyempima?