Hodi za Kompyuta ya Mama

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Chiriku aliketi kwenye kompyuta ya mama yake kufanya kazi za shule. Mama alikuwa mpiga picha za harusi. Kila picha aliyoingiza, programu moja iliinakili na kuipeleka kwenye hifadhi ya mtandaoni, ili kompyuta ikifa picha zibaki.

Haya, wajukuu zangu, tegueni hiki: hana mkono, lakini hodi zake haziishi. Ni nani? Ni arifa ya pembeni mwa kioo! "Picha imepakiwa." Ting! "Picha imepakiwa." Ting! Chiriku akianza kuzidisha, ting, hesabu imemruka.

"Na wewe nawe, huchoki kusema?" aliifokea siku moja, yeye aliyeitwa Chiriku kwa domo lake. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, mpaka akaizima programu nzima. Kimya! Akastarehe, wala hakumwambia mtu.

Wiki zikapita. Kompyuta ikaingiwa na virusi, ikawa inajizima ovyo. Mama akamwita fundi.

"Dawa yake ni kufuta kila kitu, tuanze upya," fundi alisema. "Picha zako ziko kwingine?"

"Zote ziko mtandaoni. Futa tu, baba." Kisha mama akashusha sauti. "Kesho yule bibi harusi wa wiki mbili zilizopita anakuja kuchukua zake. Mama yake amefariki, masikini. Hana picha nyingine ya mama yake akicheka."

Chiriku akasogea karibu. Akataka kusema, ulimi ukawa mzito kama umejaa unga. Akisema, atakiona cha mtema kuni. Asiposema... Kidole cha fundi kilikuwa kinashuka kwenye kitufe cha kufuta.

"Usifute!" Aliudaka mkono wa fundi. "Mama, niliizima mimi! Ile programu. Ilikuwa inanipigia kelele. Picha hazikwenda!"

Mama alifungua hifadhi kwenye simu. Harusi ile haikuwamo. Akajishika kichwa, akakaa sakafuni. "Mwanangu, umeniua."

Chiriku alilia mpaka kwikwi. Fundi alichomoa diski, akaiunganisha na kompyuta yake. Faili la kwanza halikufunguka. La pili pia. Mama akaanza kuomba chini chini. Fundi akajaribu tena, na tena. Mara kioo kikajaa mwanamke mwenye kilemba, ameinua uso, anacheka meno yote nje.

"Ipo!" mama alipiga ukelele. "Ipo, jamani!"

Picha zote zilipokwisha kunakiliwa, fundi alimwonyesha Chiriku mahali pa kunyamazisha arifa huku programu ikiendelea na kazi. Kubonyeza mara moja tu.

"Kumbe ni hivi tu?" Chiriku aliuliza, akifuta kamasi.

"Ni hivyo tu," mama alijibu, akimvuta kifuani. "Kukereka si kosa, mama. Ungeniuliza, tungezima kelele tukaiacha kazi iendelee. Kosa lako ni kuficha. Lakini leo umesema huku unaogopa, na ndiyo maana kesho yule binti atamwona mama yake."