Miraa Juu ya Amplifaya

Mwili wa Muthamia ulikutwa kifudifudi katika chumba chake cha muziki mjini Maua, mkanda wa gitaa ukiwa bado begani. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Stendi ya maikrofoni iliyotumika kumpiga ilikuwa imepanguswa, haina alama hata moja ya kidole.

Koplo Kobia alikuwa ameshamtia mtu seli: Njiru wa Siakago, shemeji wa marehemu, aliyegombana naye jana mbele ya majirani. Kesho yake asubuhi angesomewa shtaka la mauaji.

"Afande, ndugu yangu ana mdomo tu," Winrose, mjane, alimwambia Inspekta Kagure. "Nimepoteza bwana. Sasa na yeye mnichukulie?"

Kagure aligeukia vyombo vya muziki. Ahadi za polisi kwa wafiwa zilimkera. Macho yake yalikuwa kwenye amplifaya kuukuu, ile aina ya taa za kioo ndani zinazopata moto. Juu yake palikuwa na kitita cha miraa kwenye majani ya mgomba, bado kibichi.

"Hii miraa ni ya nani?"

"Yangu," alisema Gikunda, mpiga gitaa la pili wa bendi ya marehemu, akiwa mlangoni. "Nilikuja jana, nikaiweka hapo, tukapiga mpaka jioni. Nikaisahau. Nilimwacha akiwa mzima."

Winrose aliipapasa amplifaya, akakunja uso. "Hii si yake. Ya bwanangu ilikuwa na matundu ya joto hapa juu. Mwezi wa saba, baridi ikizidi, alikuwa anaota moto hapo."

Fundi wa redio aliitwa, akafungua mgongo wa amplifaya. Ilikuwa toleo jipya la ile ya zamani, umbo lile lile. Nyaya za kuchomelewa kwa mkono hazikuwamo, kulikuwa na bodi ya kisasa, na matundu ya kutolea joto yalikuwa nyuma. Uchakavu wa nje ulikuwa kazi ya msasa.

Kagure alimgeukia mpiga gitaa.

"Gikunda, amplifaya ya Muthamia ikiwaka, huku juu kukoje?"

"Kunachoma."

"Wewe ni mtu wa Igembe. Mimi pia nimesomeshwa na miraa. Nani kwetu huiweka juu ya moto inyauke?"

Gikunda alikitupia jicho kitita.

"Uliiweka hapo kwa sababu ulijua hapachomi. Ulijua si ile."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Gikunda ilikuwa imefika mwisho. Akaketi sakafuni.

"Niliibadilisha juzi akiwa matangani. Watu wanasifu gitaa lake tu, afande, na mimi niko hapo nyuma miaka yote. Nilitaka ile sauti nirekodi zangu. Jana aliguza waya mmoja wa gitaa, akajua. Akacheka. Akasema hata nikiibeba, mkono ni ule ule wa Gikunda. Akanipa mgongo."

"Kobia, mfungulie Njiru," Kagure alisema. Winrose akajifunika uso kwa leso, akalia.

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Kwangu, chini ya kitanda."

"Ulishaipiga?"

"Niliipiga juzi."

"Ukapata sauti ya Muthamia?"

Gikunda aliinamisha kichwa.

"Hapana. Ilitoka yangu tu. Na jana yeye akacheka, kama kwamba juzi alikuwa ananisikiza."

Kagure akamfunga pingu.