Sanduku Lisilopitisha Hewa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vifusi vya machimbo ya Masumbwe, na Mariana alikuwa anaanua udaga wake wa muhogo kabla umande haujaushika. Akasikia hodi. Hakuhitaji kugeuka, maana harufu ya zile sigara kali aliijua.

Sostenes.

"Habari za hapa, shemeji?"

"Salama, shemeji. Karibu."

Maneno yalimtoka vizuri tu, mpaka akajishangaa mwenyewe, kwa sababu kifuani alikuwa anawaka. Huyu ndiye aliyechimba duara moja, shimo moja la dhahabu, na mumewe, Stanslaus. Huyu ndiye aliyelia msibani kuliko wafiwa, akagaragara chini mpaka wanaume wakamshika. Alisema duara limetitia na Stanslaus amebaki huko chini, hakuna namna ya kumtoa. Watu wakayameza maneno yake. Mariana naye akameza, mpaka Maganga, aliyekuwa anazungusha winchi siku ile, alipokuja kumwambia ukweli.

"Mayu, mama yangu, halikutitia," Maganga alisema. "Mawe yenye dhahabu yalishapanda yote. Mumeo akagonga nyundo huko chini tumvute. Sostenes akaikanyaga kamba, akaniambia nikapumzike. Niliporudi, shimo limefukiwa."

Kugonga kule kila mchimbaji anakujua. Ngo-ngo... kimya... ngo. Maana yake, nitoeni.

Sasa muuaji alikuwa amesimama uani kwake, anatabasamu.

"Nina safari ya Nkome, halafu visiwani. Mizigo yangu isilowe. Nimelikumbuka lile sanduku la jeshi la marehemu. Niazime, shemeji."

Stanslaus alilinunua Kahama, kwa muuza mitumba ya jeshi, na tangu siku hiyo hakuchoka kulisifu. La kijani, gumu, lenye vifungo vya chuma na mpira mdomoni. Kila palipovuma habari za dhahabu mpya alisafiri nalo, blanketi na nguo zake zikiwa kavu ndani. "Hili halipitishi maji wala hewa," alikuwa akijigamba, kisha anaonyesha kitundu chenye skrubu ubavuni, inayolegezwa ili sanduku lipumue.

Sostenes hakujua kwamba lilikuwa na mwenyewe ndani. Mwili uliposhindikana kutolewa, ndugu walichota udongo kwenye mdomo wa duara, wakaufunga kwenye shati la marehemu, wakamwita kwa jina lake aingie sandukuni. Baada ya mavuno wangempeleka kwao Kharumwa akazikwe kama watu wanavyozikwa. Mama mkwe alimwonya Mariana wazi kabisa. Anayembeba lazima aongee naye njiani. Kila mto, kila njia panda, amwambie wamefika wapi. Akinyamaziwa, atamshika aliyembeba.

Mariana akaingia ndani. Akalisukuma lile fundo la shati chini kabisa, chini ya sponji. Akainama.

"Baba Mageni," akamnong'oneza mumewe, "mwenye safari ni huyu."

Sostenes alilinyanyua akaguna. "Mbona zito hivi, na ni tupu?"

"La jeshi hilo, shemeji. Safari njema."

Alilifunga nyuma ya pikipiki yake akaondoka. Mariana alimsindikiza kwa macho mpaka njia panda. Sostenes alipita pale bila kusema neno, na Mariana akacheka peke yake, cheko ambalo hata yeye halikumpendeza.

Sanduku lilirudi jioni moja, juu ya gari la dagaa. Wanaume wawili walilishusha kwa shida. Dereva alisema wavuvi wa Nkome waliliona jina la Stanslaus na la Masumbwe kwenye mfuniko, wakaomba lirudishwe kwao.

"Na aliyekuwa nalo?"

Dereva akatazama pembeni. "Alikaa juu yake ufukweni, pale mwaloni, anasubiri boti. Boti ilipofika, vilikuwepo viatu tu."

Hakungoja hata maji ya kunywa.

Mariana akafunga mlango. Giza lilikuwa linaingia. Sanduku lilikuwa katikati ya chumba... kimya... na mtu mzima asingeweza kuenea mle hata akikunjwa.

Kisha kile kitundu cha ubavuni kikatoa pumzi.

Fsss...

Ilinuka sigara.

Makofi yakaanza ndani ya mfuniko, ya haraka, ya mtu aliyechanganyikiwa. Sauti nyembamba ikapenya kitunduni. "Shemeji... fungua... hewa..."

Mariana alifurahi. Tusimsingizie huruma ambayo hakuwa nayo. Alifurahi mpaka machozi yakamtoka, akaenda akakaa juu ya sanduku kwa uzito wake wote.

"Gonga," akamwambia. "Gonga kama alivyogonga yeye."

Akainama, akashika skrubu, akaanza kuikaza taratibu. Makofi yakafifia. Yakawa kama kucha zinazokwaruza. Yakakoma.

Ndipo akasikia sauti nyingine. Ilitoka chini kabisa, polepole, kwa subira.

Ngo-ngo...

Kimya.

Ngo.

Akaacha kukaza.

"Baba Mageni?"

"Mama Mageni." Ilikuwa sauti ya Stanslaus, ya uchovu, ileile ya kurudi kazini. "Mbona njia nzima hakuna aliyeniambia kitu? Tumefika wapi?"

Mariana alishika kifungo cha chuma. Akifungua, Stanslaus atatoka... na Sostenes naye atatoka. Pale pale, chini ya makalio yake, zile kucha zikaanza tena, kwa pupa, kana kwamba zimehisi kifungo kinaguswa.

Akakiachia.

Kaburi la Kharumwa lilishachimbwa, na mama mkwe ameacha kuuliza wataondoka lini. Mariana bado anaanika udaga wake na kuuanua jua likizama. Kisha huingia ndani, hulegeza skrubu kidogo tu, hukaa juu ya mfuniko, na kungoja kugongwa. Kunapokuja, humjibu mumewe kwa upole, jioni baada ya jioni.

"Bado, Baba Mageni. Bado tuko njiani."