Ulimi Wangu na Kambare wa Kagerankanda

Ulimi wangu ulikuwa mashuhuri soko zima la Kasulu, na sisemi hivi kujisifu, ingawa najisifu. Nipe samaki mkavu, nifumbe macho, ninyofoe kipande nyuma ya shavu lake. Nitakwambia katoka Ziwa Tanganyika, katoka mto Malagarasi, au kaibwa kwenye bwawa letu lililofungwa. Shule niliishia darasa la tano, lakini ulimi ulifika chuo kikuu.

Ndiyo maana kamati ya kijiji ikanitumia. Bwawa letu la bondeni ni mazalia ya samaki. Kuchota maji ruhusa. Kutundika mizinga ya nyuki ruhusa. Matete tunakata kwa zamu. Kuvua wakati wa mvua, marufuku, maana samaki wamejaa mayai. Hamis wa dukani, mtu wa Tanga, alitwambia hata kule pwani bahari hufungwa hivyohivyo, tena kwa maboya. Sasa samaki akishabanikwa, nani atajua katoka wapi? Mimi. Naonja, na sitemi. Kwetu ukionja biashara ya mtu ukaitema, umemwekea mkosi. Unameza, ndipo unasema.

Jioni hiyo tulisikia kuna mama mgeni anabanika kambare Kagerankanda, njia ya kushukia bondeni. Nikampakia Sylvesta, mlinzi wa bwawa, kwenye pikipiki. Mtu mnene, mcheshi, jino lake la mbele limemeguka pembeni kama limetafunwa na panya.

"Nuru, leo usimmalize samaki wa watu," alinitania. "Kuonja siyo kula ugali."

"Na wewe tumbo hilo umelipata kwa kulinda maji?"

Akacheka.

Jua lilikuwa linazama tulipofika. Harufu ilitupokea kabla ya moshi. Siyo ya samaki. Ilikuwa kama... kidonda kilichofungwa kitambaa wiki nzima, kikafunguliwa usoni pako.

Mama alikuwa amechuchumaa kando ya moto. Kitenge chake kilichuruzika maji, na mvua haikuwa imenyesha. Akatupigia makofi taratibu, salamu ya bibi zetu.

"Mwidiwe... mwidiwe..."

Makofi yenyewe yalitoa sauti ya tope. Chwa. Chwa. Chwa.

Juu ya chanja kulikuwa na kambare mmoja tu. Kakunjwa duara, mkia mdomoni, masharubu yamekauka. Mnono, anatiririka mafuta.

"Onja, baba," alinong'ona. "Nasikia una ulimi."

Nikisifiwa huwa sijiwezi. Nikanyofoa. Nyama laini, tamu, tamu kuliko samaki yeyote niliyewahi kutia mdomoni. Haikuwa ladha ya Ziwa. Haikuwa ya Malagarasi. Haikuwa ya bwawa letu.

Nikameza.

Nyuma yangu Sylvesta akasema, "Aisee, mguu umeniingia ganzi."

"Umemtambua?" mama aliniuliza.

"Bado."

"Onja tena."

Nikanyofoa kipande kikubwa zaidi. Nyama ikashuka yenyewe kooni. Kitu kigumu kikabaki juu ya ulimi. Nikakitoa kwa vidole, kikaja na ute wa njano unaovutika kama mlenda.

Jino.

La mtu.

Limemeguka pembeni, kama limetafunwa na panya.

Nikageuka. Sylvesta alikuwa mdomo wazi, kidole kinapapasa ufizi. Hakuna damu. Ufizi laini, kama wa mtoto mchanga.

"Nuru," alinong'ona. "Acha kutafuna."

Mama hakunitazama mimi. Alilitazama tumbo la Sylvesta.

"Wavuvi wakiingia bwawani, mlinzi wanamziba mdomo kwa mayai ya samaki," alisema polepole. "Anakaanga, anakula. Kala wanangu kabla hawajazaliwa. Na mimi nambanika."

Sylvesta hakubisha. Hilo lilinitisha kuliko jino.

"Nirudishie, mama," alisema.

"Mchukue. Mtunze kama ulivyotunza wangu."

Akainuka. Chini ya kitenge chake vikadondoka vijiyai vya kijani kichafu, chururu, juu ya majivu ya moto... vikapasuka kimojakimoja. Akashuka kuelekea kwenye matete. Hatukungoja kuona alikoishia.

Sylvesta alimpakata yule kambare kwenye jani la mgomba mpaka kwake Heru Juu, akinisihi nikwepe mashimo. Jino alijaribu kulichomeka. Halikushika. Ndani ya nyumba akavua buti la mguu uliokufa ganzi.

Kidole kidogo hakipo. Hakikukatwa. Ngozi imepita moja kwa moja, kama hakijawahi kuota.

Kile kipande cha kwanza nilikimeza.

Nilitoka nje nikatapika mpaka nyongo. Sylvesta akanifuata na tochi na kijiti, akachuchumaa, akachokoachokoa matapishi yangu punje kwa punje. Tulikuta maharage.

Sasa Sylvesta halilindi tena bwawa. Analinda sanduku la bati lenye chumvi, na ndani yake kambare. Paka wote wa jirani kawafukuza. Juzijuzi wadudu wa samaki wakavu walipenya, wakamtoboa yule kambare mgongoni. Sylvesta anajikuna mgongo hadi shati linaganda kwa usaha, na kwa uvundo wake mkewe Adija kahamia jikoni. Mganga wa Kitahana alilifungua sanduku, akalifunga, akaomba nauli ya kurudi kwake.

Mimi sionji tena sokoni. Kila nitiacho mdomoni ni majivu. Samaki, nyama, hata pilau la Idi, majivu. Ladha moja tu ndiyo ulimi wangu unayoikumbuka.

Jana nilikwenda kumjulia hali. Aliponiona akakaa juu ya sanduku.

"Ishia hapohapo mlangoni, Nuru."

"Mimi rafiki yako, Sylvesta. Unaniogopea nini?"

Alikuwa anakitazama kidevu changu. Nikakigusa.

Kilikuwa kimelowa mate.