Mihogo ya Jumamosi

Mwalimu Eugène wa kijiji cha Lweba hakujua kukaa bure. Asubuhi alifundisha. Mchana alitembelea wagonjwa wa kanisa. Jumamosi aliongoza salongo, ile kazi ya pamoja ya waumini. Vita viliwafukuza walimu wenzake, lakini yeye alibaki. Mkewe Pulchérie alimtania kwamba kengele ya shule inapumzika kuliko yeye.

Jambo moja lilimnyima raha. Wanafunzi walikuja shuleni na njaa. Mihogo ilikuwepo shambani, ile michungu ambayo lazima ilowekwe mtoni mpaka ilainike, ndipo ianikwe na kutwangwa iwe unga wa bukari, ugali wa huko. Lakini kila ilipolainika, watu wenye silaha walishuka mtoni wakaibeba yote. Wenyewe hawakulima hata tuta moja, ila siku ya kutoa mihogo majini waliijua vizuri sana.

Mwalimu akawaza, kisha akawaambia akina mama wa kanisa:

"Bamama, tuloweke Jumamosi jioni. Jumapili nyuma ya ibada, tunatoa. Bale bezi bakikuja, batakuta maji tu!"

Wakacheka, wakakubali. Mpango ukafanikiwa. Mihogo haikuibwa tena. Ilikuwa bado migumu kidogo, lakini iliwezekana kuikata vipande, kuianika na kuitwanga. Unga wa kanisa ukaenda shuleni, na watoto wakala bukari na sombe, mboga ya majani ya mihogo, kila siku. Mwalimu alitembea kifua mbele, na nani angemlaumu?

Watoto wengine walilalamika kwamba wakishakula wanapata kizunguzungu. Wengine walitapika.

"Iko njaa ya zamani inatoka," Mwalimu aliwaambia. Aliamini hivyo kabisa.

Siku hizo akafika mjane mzee, Marthe, akitokea Lubondja. Nyumba yake ilikuwa imechomwa moto. Mwalimu alimkaribisha, naye akawa analala jikoni kwao.

Haukupita muda, Rosette, binti wa Mwalimu, alitumwa kuni mbali mlimani. Alirudi amechoka, akalala. Asubuhi alijaribu kusimama, akaanguka.

"Mama, miguu inakatala!"

"Inakuuma?"

"Hainiumi. Inakatala tu."

Miguu yake ilikuwa imekakamaa. Walipomwinua, alisimama kwa ncha za vidole, magoti yakigongana. Pulchérie alilia kwa sauti, na majirani wakaja. Hawakukawia kupata jibu. Mzee mgeni ameingia nyumbani, na mtoto ameanguka. Walitaka ushahidi gani tena?

"Baba Rosette," Pulchérie alimwambia mumewe, "ule mama atoke leo. Yeye njo alileta haya mambo."

"Atoke aende wapi? Barabara yote iko basoda na bunduki."

"Mi sijue. Mutoto wangu hatembei!"

Marthe alisikia kila neno. Alifunga vitu vyake ndani ya kitenge, akaketi mlangoni.

"Koko, ungoje kwanza," Mwalimu alimsihi. "Nimupeleke mutoto ku Baraka. Nikirudi, njo tutaamua."

Alimpakia Rosette kwenye baiskeli, akaisukuma njia nzima. Moyoni alikuwa na hofu mbili. Alihofia afya ya mtoto wake, na alihofia usalama wa yule mzee aliyemwacha mlangoni.

Kwenye kituo cha afya cha Baraka walipokelewa na muuguzi Adolphine. Alimpima Rosette. Hakukuwa na homa wala kidonda. Aligonga goti kidogo, mguu ukaruka wenyewe.

"Mwalimu, munakula nini ku nyumba?"

"Bukari na sombe. Na ku masomo vile vile."

"Samaki? Maharagwe?"

"Tunapata wapi? Bavuvi banaogopa kutoka ku ziwa."

"Na ile mihogo, munailoweka siku ngapi?"

Mwalimu akaeleza mpango wake, kwa fahari bado. Alieleza Jumamosi, akaeleza Jumapili, akaeleza jinsi wezi walivyokuta maji matupu. Adolphine hakucheka.

"Mwalimu, sikiliza. Mihogo michungu iko na sumu ndani. Maji njo inaitoa, lakini inaitoa polepole. Usiku moja haitoshi. Siku tatu, na kama kuko baridi, siku ine. Muntu akila ile sumu kila siku, bila samaki, bila maharagwe, miguu inakakamaa. Batoto na bamama njo banaanguka zaidi. Tunaita konzo. Haiambukize. Na hakuna muntu, hata muchawi, anaweza kukutumia konzo."

"Na kile kizunguzungu cha batoto?"

"Ni ile ile sumu."

Mwalimu alikaa chini, sakafuni kabisa. "Basi ni mimi," alisema. "Atapona?"

"Siwezi kukudanganya. Miguu itabaki migumu. Lakini haitazidi kama mukiacha ile bunga. Tutamufundisha kutembea na fimbo." Adolphine alimshika bega. "Mwalimu, usikae kulia hapa. Batoto bengine banakula nini kesho?"

Neno hilo lilimwinua. Alirudi Lweba mbio mbio, baiskeli mbele yake na Rosette juu. Marthe alikuwa bado pale mlangoni, kitenge chake mapajani. Mwalimu alifunga jiko la shule, na Jumapili akaomba nafasi ya kusema kanisani.

"Mumesikia kama koko Marthe ni muchawi," alianza. "Hakuna muchawi. Ni mihogo. Na mwenye kusema itolewe haraka ni mimi. Nilitaka kubakulisha batoto, nikabakulisha sumu. Munisamehe. Koko, na wewe unisamehe."

Kisha akaeleza yote aliyoambiwa na Adolphine. Pulchérie alitoka kwenye benchi lake, akaenda kukaa karibu na Marthe. Walipofika nyumbani aliufungua ule mzigo kwa mikono yake, akakikunjua kitenge.

Kilichofuata kilikuwa kigumu. Waliumwaga unga wote shimoni, na njaa ilikuwepo. Mama mmoja alilia akiutazama. Lakini waliumwaga.

"Sasa tuloweke wapi?" akina mama waliuliza. "Mutoni bezi bako."

"Tuloweke humu ndani," alijibu Marthe. "Mu vyungu. Ku kanisa."

Vyungu na mapipa vikapangwa nyuma ya wanakwaya. Mihogo inayochachuka inanuka, tena inanuka kweli, na waimbaji walilalamika kwamba sauti ya kwanza inakosa pumzi. Hakuna aliyevihamisha. Mwalimu alifundisha darasa lake kuupima muhogo kwa vidole. Ukiwa bado mgumu, unarudi majini. Ukibonyea wote, unatolewa na kuanikwa juani mpaka ukauke kabisa. Wenye maharagwe walileta maharagwe. Ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, walipopatikana, hata wachache, waliingia chunguni.

Kisha vita vikasogea. Siku moja milio ya bunduki ilisikika karibu, na watu wote wakakimbilia milimani. Mwalimu alimbeba Rosette mgongoni. Alipogeuka alimwona Pulchérie ameacha godoro na masufuria. Kichwani alikuwa na chungu, maji yakimtiririkia shingoni.

"Mama Rosette, uache hiyo! Ama utoe mihogo, ubebe mihogo tu!"

"Haijaiva," alijibu Pulchérie, na hakusimama.

Nyuma yake akina mama wengine walikuja wamebeba vyungu vyao vilevile. Huko milimani watoto walilala njaa mpaka mihogo ikalainika. Walilia, na mama zao walilia pamoja nao, lakini hakuna aliyetia mkono chunguni kabla ya wakati.

Waliporudi Lweba, mlango wa shule ulikuwa umevunjwa na kengele imeibwa. Mwalimu aligonga rimu ya gurudumu kuukuu, na watoto wakaja. Aliwatazama mmoja mmoja wakiingia, akiangalia miguu kabla ya nyuso. Wote walikuja wakikimbia.

Rosette alifika wa mwisho, kwa fimbo yake, Marthe akiwa kando.

"Koko, tembea mbio," Rosette alimhimiza. "Utanichelewesha."