Kibao Kinasema Themanini

Kila asubuhi Bu Hamad alimpeleka binti yake Afra kazini. Walikaa Khawaneej, pembeni mwa Dubai. Bu Hamad alikuwa na namna yake ya kuendesha. Kibao cha mwendo barabarani kikisema themanini, yeye alikwenda tisini na tisa. Kikisema mia, alikwenda mia na kumi na tisa.

Afra alipokuwa mdogo aliwahi kumuuliza sababu.

"Kila kibao kina ishirini zake za siri," baba alimjibu. "Kamera haipigi picha mpaka uzipite. Hapa kwetu kila mtu anajua."

Afra akakua na hesabu hiyo kichwani.

Sasa alikuwa muuguzi hospitalini, na alikuwa amepata kazi mpya aliyoitamani sana. Angekwenda kuwahudumia wagonjwa wazee majumbani mwao. Sharti lilikuwa moja: awe na leseni ya udereva kabla ya tarehe mosi. Asipoipata, nafasi angepewa mwingine. Alisoma shule ya udereva miezi mitatu, kisha Jumatatu moja akaenda kwenye mtihani wa barabarani.

Alirudi kabla ya adhuhuri, macho mekundu.

"Nimeanguka, baba. Barabara ya themanini nimekwenda tisini na sita. Mtahini akakanyaga breki ya upande wake, akanishusha."

"Tisini na sita tu? Huyo ana lake jambo! Kwani shuleni walikufundisha nini?"

"Shuleni nilifuata kibao. Leo magari yote yalikuwa yananipita, nikaona haya. Nikaendesha kama wewe."

Maneno hayo yalimchoma. Alivaa viatu vyake akavuka njia kwenda kwa jirani yake Butti, aliyeitwa pia Bu Suroor, yaani baba wa Suroor, sajini mstaafu wa trafiki.

Butti alimkaribisha kwa gahawa na tende. Bu Hamad hata hakuonja.

"Bu Suroor, wewe unajuana na watu," alisema. "Mpigie simu mtahini. Msichana amezidisha kumi na sita tu. Sheria inaruhusu ishirini."

Butti alicheka mpaka akakohoa.

"Sheria ipi, ndugu yangu? Umeisoma wapi, barazani kwenu?"

"Kamera haipigi!"

"Nimefanya kazi na kamera hizo miaka kumi na minane. Sikiliza. Sheria ni ile namba ya kwenye kibao. Kamera yetu inavumilia kidogo kabla ya kupiga. Kuvumiliwa si kuruhusiwa. Wenzetu wa Abu Dhabi wameuondoa uvumilivu huo. Ukienda kule na hesabu yako, utarudi na picha nyingi kuliko bwana harusi."

"Na nikitaka kulipita lori?"

"Kibao ni kilekile. Lipite ukiwa ndani ya namba, au kaa nyuma yake."

"Na kama nina mgonjwa garini?"

"Piga simu, lije gari la wagonjwa. Gari la wagonjwa, la polisi na la zimamoto ndiyo yenye ruhusa, tena yakiwa kazini na taa zinawaka. Wewe huna king'ora, una mdomo tu."

Bu Hamad alitabasamu bila kupenda. Butti alisimama akamshika mkono, wakatoka mpaka getini.

"Kwa themanini, gari linahitaji kama mita hamsini ili lisimame. Kwa mia, zaidi ya sabini. Tuseme ungekanyaga breki mapema ukasimama hapa kwangu. Sasa zile ishirini zako ni mita ishirini na zaidi. Tembea, uone zinakufikisha wapi."

Bu Hamad alitembea huku akihesabu hatua. Alivuka njia. Hatua ya ishirini na mbili ilimfikisha mlangoni kwake. Afra alikuwa amesimama pale, anamngoja. Bu Hamad aliona kwamba zile ishirini zingemfikia yeye.

"Ameahidi kupiga simu?" Afra aliuliza.

"Hapigi simu, na ni haki yake. Mwanangu, hukukosea wewe. Mimi ndiye niliyekufundisha vibaya. Kibao kikisema themanini, mwisho ni themanini."

Afra alimtazama baba yake kwa mshangao. Hakuwahi kumsikia akikiri kosa.

Tangu siku ile waliondoka nyumbani dakika kumi mapema. Bu Hamad aliendesha kwa namba ya kibao. Wa nyuma walimwashia taa, naye akahamia kulia, akawapisha. Siku mbili za kwanza aliona aibu. Ya tatu alizoea. Afra alichukua masomo ya ziada, na tarehe ishirini na saba akarudia mtihani. Akafaulu.

Bu Hamad alimpa funguo, yeye akakaa kiti cha abiria. Kwenye taa nyekundu gari kubwa lilisimama ubavuni. Dereva alikuwa Khalfan, rafiki yake wa barazani.

"Bu Hamad!" alipaza sauti. "Toka kule nyuma nawaangalia. Nani amemfundisha binti kutambaa hivyo?"

"Mtahini wake," Bu Hamad alijibu. "Mimi nilimfundisha kama unavyoendesha wewe, akaanguka mtihani."

Taa ikawa kijani. Khalfan akaondoka kwa kishindo. Afra aliondoa gari taratibu, akaongeza mwendo mpaka themanini, akabaki hapo. Kesho yake mgonjwa wake wa kwanza alikuwa anamsubiri.