Bibi Juu, Wakesho Chini

Wakesho aliishi milimani, Taita, pamoja na Mama na Bibi. Nyumba yao ilikaa juu ya ukingo. Mlango ulikuwa mmoja tu.

Mbele ya mlango palikuwa na ngazi ya mawe. Vidato vinne, vipana, vizito. Kila asubuhi Bibi alishuka polepole, akakaa uani kuota jua.

Kisha mvua ikanyesha. Siku tatu, usiku na mchana. Shaaa! Shaaa!

Siku ya nne udongo ukaporomoka. Gudu, gudu, gudu, GUDUM! Mawe yote manne yakabingirika hadi uani.

Bibi alisimama mlangoni na fimbo yake. 

Bibi juu, Wakesho chini.
Na ngazi hamna.

Mama na Wakesho waliparamia tope kwa mikono na miguu. Bibi hakuweza. Magoti yalimuuma.

"Njoo nikubebe," Mama akamwambia.

"Hapana," Bibi akasema. "Tutaanguka sote."

Wakesho akachukua udongo, akafinyanga kidato. Pa, pa, pa! Mvua ikaja, shaaa, ikakibeba.

Wakesho akapanga vijiwe. Kimoja, kingine, na kingine tena. Akapanda juu yavyo. Kwaruu! Vikatawanyika vyote. Goti lake likachubuka.

Bibi juu, Wakesho chini.
Na ngazi hamna.

Mama akamwita Fundi Mwakio, mjenzi wa mawe. Fundi akainama. Akapapasa jiwe moja, akapapasa la pili.

"Yamelika katikati kama sahani," akasema. "Bibi akikanyaga hapa, atateleza."

"Basi tuletee mengine," Wakesho akasema.

"Nitatafuta, mwanangu."

Fundi akaenda. Siku moja ikapita. Siku mbili. Siku tano. Akarudi mikono mitupu.

"Mawe makubwa hivi sikuyapata," akasema. "Nimezunguka mlima mzima."

Ndani ya nyumba kulikuwa na baridi. Bibi alikaa kitandani, amejifunga shuka. Wakesho akamletea uji.

"Kunywa, Bibi."

"Weka hapo, mjukuu wangu."

Uji ukapoa. Bibi hakuugusa.

"Bibi, utashuka lini?"

Bibi akageukia ukutani. "Labda sitashuka tena," akasema.

Wakesho akatoka mbio. Akateleza kwenye tope, suuu, mpaka uani. Akajificha nyuma ya jiwe kubwa kuliko yote. Akalikumbatia, akalia. Kwi, kwi, kwi.

Alilia mpaka machozi yakaisha. Hata mdomo ukachoka.

Mkono wake ulikuwa umeingia kwenye upenyo chini ya jiwe. Akaupeleka mbele kidogo. Akapapasa. Hapa chini hapakuwa kama sahani. Palikuwa tambarare.

"Mama! Mama! Njoo ushike huku!"

Mama akashika. Mama akakimbia kumwita Fundi.

Fundi Mwakio akalala kifudifudi kwenye tope. Akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Akapapasa. Wakesho akangoja.

"Lo!" Fundi akasema. "Upande huu haujakanyagwa hata siku moja! Tuyageuze."

Majirani wakaja. Wakaleta chuma kirefu, wakakisokomeza chini ya jiwe.

"Haya, sukuma!"

Kruu... kruu... PUU! Jiwe likageuka.

Wakachimba. Wakashindilia kokoto, wakaweka jiwe. Wakachimba tena. Nyundo ikalia kok, kok, kok. Siku nzima, na siku ya pili pia. Bibi alitazama tu kutoka mlangoni. Hakuamini.

Siku ya tatu Wakesho akamshika mkono.

"Linacheza?" Bibi akauliza.

"Halichezi, Bibi."

Kidato cha kwanza. Bibi akaegemea fimbo. Kidato cha pili. Bibi akasimama kupumua. Cha tatu. Cha nne.

Bibi chini, Wakesho chini!
Na ngazi ipo!

Bibi akakaa juani. Akafumba macho. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta.

Jioni Wakesho akamwosha Bibi miguu kwa maji ya moto. Akaikausha kidole kwa kidole.

"Bibi, kesho nikuamshe mapema?"

Bibi alikuwa ameshalala.

Wakesho akamfunika vizuri. Akajilaza kando yake, akalala pia.